Ngao za Waganda kwenye visanamu vya 28mm, mnazifanyaje?

Brashi_Nyembamba (Kampala)
Wakuu habari zenu. Nina visanamu vya plastiki vya Wazulu wa 1879, nataka baadhi niwageuze wawe jeshi la Buganda enzi za Kabaka Mutesa wa Kwanza, mikuki iko poa shida ni ngao. Jamaa yangu anasema chora tu ile ya nembo ya taifa, mawimbi juu, jua katikati, ngoma chini, ila mimi moyo unakataa. Nichore nini basi? Na kwa kuwa ngao ya Kiganda ni ya kusukwa, kwenye ngao ya sentimita mbili msuko utaonekana kweli?

Mzee_wa_Kamwokya
Ssebo usimsikilize huyo jamaa. Nembo hiyo ni ya 1962, ni ya nchi nzima, askari wa Mutesa hakuwa na jua wala ngoma kwenye ngao. Ngao ya Kiganda ni mbao iliyofunikwa kwa msuko wa fito nyembamba, ina ncha juu na ncha chini, na katikati kuna kitovu cha mbao kimechongoka kinatokeza mbele. Uzuri wake wote uko kwenye umbo na huo msuko, kwa hiyo tafadhali usiijazie marangi ukidhani bila mchoro haijaisha. Panda boda nenda makumbusho pale Kira Road ukaiangalie na kwa ubavuni pia, picha za simu zinaficha kile kitovu.

Halafu ngao za hao Wazulu zina mistari miwili ya vipande vipande inashuka katikati, hiyo ni mikanda ya ngozi iliyopitishwa kwenye matundu kushikilia fimbo ya nyuma, ikwangue yote maana ya Kiganda haina.

RangiNaWino
Msuko usichore kwa brashi utaumia macho bure. Ukishakwangua paka epoksi (ile ya kufinyanga kama udongo, inakauka ngumu) nyembamba, ikiwa bado laini gandamiza gozi ya hospitali (kile kitambaa cha wavu cha kufungia vidonda) iliyolowa maji kisha ibandue taratibu, alama zinabaki ndogo ndogo vizuri sana (chandarua hapana, matundu yake makubwa mno kwa saizi hiyo). Kitovu finyanga na epoksi hiyohiyo. Ikikauka paka kahawia, mwagia rangi nyeusi iliyozimuliwa sana iingie kwenye mashimo, futa juu, halafu brashi kavu yenye rangi ya majani makavu ipite juujuu tu. Vanishi iwe isiyong'aa, ikimetameta inarudi kuwa plastiki.

Moran_wa_Mezani
Kama mkono unawasha kuchora michoro basi fanya na kikosi cha Wamasai pembeni, huko kuna nyekundu, nyeupe, nyeusi na kijivu juu ya ngozi ya nyati. Ila michoro ile inaonyesha rika na ukoo wa eneo la shujaa, kwa hiyo kikosi kimoja kipe mchoro mmoja, usimpe kila mtu wake ati wakipangwa mezani wapendeze.

Brashi_Nyembamba
Banange asanteni sana!! Jumamosi naenda Kira Road, gozi nanunua famasi njiani. RangiNaWino, epoksi naiacha ikauke muda gani kabla ya kahawia?

RangiNaWino
Iache ilale usiku mzima.