Naomba ushauri: mume wangu anaota ndoto za kutisha akila usiku

Habari za jioni ndugu zangu. Tuko Dodoma, mume wangu ni bodaboda. Anarudi saa nne usiku na njaa yake yote, ndipo anakula mlo mkubwa: ugali wa mtama na mlenda, na Jumamosi akipitia mnada wa Msalato anakuja na nyama choma, pilipili nyingi. Akinawa tu, huyo kitandani.

Shida inaanza alfajiri. Anaota anakimbizwa, anarusha mateke (ukutani ni upande wangu, hebu fikirieni), anashtuka jasho linamtoka, kisha anakaa akilalamikia kiungulia. Mama mkwe anasema tutafute mtu wa kumwangalia. Mimi bado nalishuku tumbo. Kiungulia humkatisha mtu usingizi, na ndoto iliyokatishwa ndiyo inayokumbukwa. Tena karibu na asubuhi ndipo ndoto huwa nyingi.

Nimeondoa pilipili, na siku nyingine nampa uji wa uwele badala ya ugali. Kiungulia kimepungua kweli. Ndoto na mateke bado, japo akila nyama usiku ndiyo balaa zaidi. Zahanati walimpa dawa ya asidi, basi.

Sasa naomba kujua: kwa mtu anayerudi usiku hivi, mlo mkubwa aule saa ngapi, na akifika nyumbani ale nini asilale njaa? Na hayo mateke usingizini, ni chakula tu au nimpeleke kwa daktari?

Wenye waume wa bodaboda hasa, nawasubiri.