Wananchi wapitishe, wabunge wafute: zile kura za vipengele za 2024 zilikuwa za nini?

Ujiji Kwetu (St. Louis)
Wakuu, salaam. Naomba tujadili bila matusi, ingawa nawajua.

Novemba 2024, siku ileile tuliyompigia kura rais, karatasi zetu zilikuwa na maswali mengine: sheria zenyewe, unajibu Ndiyo au Hapana. Hapa Missouri tuliulizwa kuhusu Proposition A, yaani kima cha chini cha mshahara kifike dola 15 kwa saa na mfanyakazi apate likizo ya ugonjwa yenye malipo. Ikapita kwa asilimia 57 na ushee. Jimbo hilihili siku hiyohiyo lilimpa Trump zaidi ya asilimia 58, kwa hiyo tusiambiane ni mambo ya chama kimoja. Likizo ikaanza Mei mosi 2025. Julai gavana Kehoe akasaini sheria ya kuifuta, na ilipofika tarehe 28 Agosti ikawa imekwisha. Haikutimiza hata miezi minne.

Florida nako kipengele cha haki ya kutoa mimba kilipata asilimia 57 kikaanguka, kwa sababu katiba yao inataka 60.

Sasa kama 57 ya Florida haitoshi, na 57 ya Missouri inafutwa, hizi kura ni za nini? Mwananchi apewe kweli nafasi ya kuamua sheria, au ni kiini macho?

Nyuki wa Nakuru (Tampa)
Hiyo kura ya Florida nilipiga mimi mwenyewe. Sioni shida na 60. Shida ni kwamba hiyo 60 yenyewe iliingia katibani kwa kura ya 2006, na unajua ilipata ngapi? 57 na kitu! Wangeipima kwa kipimo chake isingepita. Bangi nayo 2024 ilipata karibu 56, ikaenda na maji.

Mpita Njia (Dar)
Kwa hiyo Florida mimba ilishinda ikashindwa, bangi ikashinda ikashindwa. Na hawa ndio huwa wanatutumia waangalizi wa uchaguzi.

Bosi wa Semi (Dallas)
Mimi sioni kioja. Katiba haibadilishwi kila watu wakiamka na hasira. Na mleta mada kuna kitu unakipita haraka. Hiyo ya Missouri haikuwa katiba, ilikuwa sheria ya kawaida, na sheria ya kawaida bunge la jimbo lina mamlaka ya kuigusa. Wananchi waliokusanya saini ili iletwe kwenye kura walilijua hilo. Kugusa katiba kule kunataka saini nyingi zaidi, wao wakachukua njia nyepesi. Leo wanalia.

Hata California, ngome ya Democrats, mwaka huohuo walikataa kima cha chini cha dola 18. Watu wanajua nani analipa. Tuseme ukweli, wanaoshangilia likizo ya ugonjwa ni wale wa kubadilisha wazee pampasi, wanataka walipwe wakiwa wamelala. Wenye biashara ndio tunaumia.

Mama Riziki (Kansas City)
Bosi wa Semi, umeanza na katiba ukaishia kwenye pampasi. Basi tubaki hapohapo kwenye pampasi.

Mimi ni CNA, msaidizi wa nesi, nyumba ya wazee, shifti ya usiku. Saa kumi alfajiri, wewe ukiwa unakoroma, mimi namgeuza mtu mwenye kilo zake mia asipate vidonda vya mgongoni, peke yangu, maana mwenzangu mtoto wake anatapika na hajafika. Kabla ya ile sheria ukiumwa ulikuwa na mawili: ubaki nyumbani ukatwe, au uende hivyohivyo. Tulikuwa tunaenda. Nimewahi kuingia na tumbo la kuendesha, nikavaa glavu mbili mbili, na wiki ileile korido nzima ya wazee ikaanza kuendesha. Unadhani ilishuka kutoka mbinguni?

Na haikuwa zawadi. Unafanya kazi saa 30, unawekewa saa 1. Uumwe mafua ya siku moja, umeshaifanyia kazi wiki sita.

Mkweo akizeeka hapo Dallas atabadilishwa na nani, na malori yako?

Mpita Njia
Bosi, imevuja hiyo.

Bosi wa Semi
Sijatukana mtu, nimetaja kazi. Kama ni kazi ya heshima, kutajwa kunauma nini? Na kwetu hatupeleki wazazi nyumba za wazee. Mama yangu yuko Moshi, anatunzwa na wajukuu zake.

Nyuki wa Nakuru
Anatunzwa na wajukuu, ama na msichana wa kazi mnayemtumia hela kidogo kila mwezi? Tusidanganyane, sote tuna mama nyumbani.

Bosi wa Semi
Familia yangu uiache.

Mama Riziki
Kazi yangu hukuiacha.

Ujiji Kwetu
Jamani, mada ni kura. Bosi ana hoja juu ya tofauti ya sheria na katiba, tumpe haki yake. Lakini hata kilichoingia katibani hakijapona. Kipengele cha 3 cha Missouri, cha haki ya kutoa mimba, kilipita 2024 kwa 51 na ushee, na hiyo ni katiba kabisa. Wabunge wamekirudisha kwenye karatasi ya 2026 wakiomba kifutwe. Huko njia nyepesi iko wapi? Na California, dada, kaka, walipokataa dola 18 walikuwa tayari wako kwenye 16. Missouri mwaka huo tulikuwa dola 12 na senti 30.

Kalemie Kwanza (Louisville)
Bandugu, miye ya pampasi naacha. Ile iliyonichoma ni ya uraia. Hapa Kentucky walituuliza katiba iseme kwamba asiye raia asipige kura. Nilikuwa nimeapa uraia mwaka uleule, karatasi ya kwanza naipewa mkononi, swali linaloningoja ni kama watu kama miye wa jana waruhusiwe. Ilipita vizuri sana. Na majimbo mengine saba yakapitisha ya namna hiyo siku ileile.

Bosi wa Semi
Ndugu, ulikuwa raia tayari. Haikukuhusu. Nami niliapa, na sitaki mtu ambaye hajaapa apige kura sawa na mimi. Kubaya nini?

Kalemie Kwanza
Kubaya ni kwamba ilikuwa marufuku toka zamani! Kura ya rais, sheria ya 1996 ilishasema asiye raia akipiga ni kosa la jinai. Wanakataza kilichokatazwa. Inakusaidia nini zaidi ya kuniangalia mbaya kwenye foleni?

Ujiji Kwetu
Afadhali ninyi Kentucky mliulizwa waziwazi. Sisi kipengele cha 7 kilianza na maneno ya raia tu ndio wapige kura, kila mtu anakubali kwa kichwa, halafu mlemle ndani wakaweka marufuku ya kupiga kura kwa kupanga wagombea, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Swali moja, jibu moja. Ile ya uraia ilikuwa peremende ya kukumezesha ya pili. Ikapita kwa 68.

Nyuki wa Nakuru
Kenya 2005, kura ya katiba, tulipewa ndizi ya Ndiyo na chungwa la Hapana, swali moja, na bado tuligombana. Sasa California walikuwa na vipengele kumi kwenye karatasi moja. Nani anasoma?

Mama Riziki
Mimi nasoma. Kanisani tunakaa baada ya ibada, wenye Kiingereza wanawafafanulia wasiokuwa nacho, karatasi ya mfano iko mezani. Msituone hatujui.

Bosi wa Semi
Hapo sasa. Kanisani mnafafanuliwa na nani? Mtu mmoja anawaambia weka Ndiyo, kundi zima linaweka Ndiyo. Ndiyo maana kuna bunge, watu wa kukaa na hesabu. Mimi nina madereva sita. Dereva mmoja akijifanya anaumwa, mzigo umekaa Laredo, dalali anakata pesa, mteja anahama. Hesabu hiyo haiko kwenye karatasi ya kura.

Nyuki wa Nakuru
Hao sita unawalipa kwa W-2 ama 1099?

Bosi wa Semi
Halikuhusu.

Nyuki wa Nakuru
Nimejibiwa.

Mpita Njia
Sisi wa huku tuelezeni, 1099 ndiyo nini? Naona mtu kaguswa.

Mama Riziki
W-2 ni fomu ya kodi ya mwajiriwa, 1099 ni ya mtu anayejitegemea. Bosi anasema wewe si mfanyakazi wake, ni mfanyabiashara mwenzake. Lori lake, mzigo wake, akikupigia saa nane usiku unaondoka, lakini eti mnashirikiana. Hakulipii bima, na kodi ile ambayo mwajiri angechangia nusu unaibeba yote mwenyewe. Mume wangu ameendesha hivyo, namjua vizuri huyo mnyama. Na mtu wa 1099 ile sheria ya likizo haikumgusa hata kidogo, maana iliandikwa kwa wafanyakazi. Kwa hiyo Bosi, kwanza uko Texas, pili madereva wako hata wangekuwa Missouri wasingepata hata saa moja. Unalia msiba wa jirani usiokuhusu, na kwa sauti kuliko wafiwa.

Bosi wa Semi
Madereva wangu wanaingiza kuliko wewe mara mbili, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Waulize.

Mpita Njia
Tuwaulize saa ngapi, wako Laredo.

Kalemie Kwanza
😂😂

Ujiji Kwetu
Bosi, tuache madereva. Nauliza kistaarabu: ninyi Texas, mkitaka sheria ya likizo kama hii, mnaipataje?

Bosi wa Semi
Tunapiga kura kama ninyi. Novemba 2025 tulipiga vipengele 17, na vyote vikapita.

Mama Riziki
Vyote 17 viliandikwa na wabunge wenu! Texas mwananchi hana njia ya kukusanya saini akapeleka sheria kwenye kura ya jimbo zima. Mnasubiri wakubwa wapike, ninyi mnaulizwa tu kama mtakula. Sisi angalau tulipika wenyewe, wakaja kumwaga. Unakuja kutufundisha nini?

Kalemie Kwanza
Mama, hata sisi Kentucky hatuna hiyo ya saini. Ila wabunge walipotuletea ya kupeleka hela za serikali kwenye shule za binafsi, 2024 hiyohiyo, tulikataa kaunti zote 120. Kaunti zote! Na ni watu walewale waliompa Trump. Wakubwa wanaweza kupika, na watu wakasukuma sahani.

Bosi wa Semi
Asante ndugu. Umenisaidia. Kwa hiyo mfumo wa wabunge kuleta na wananchi kukubali au kukataa unafanya kazi.

Kalemie Kwanza
Sijakusaidia wewe.

Nyuki wa Nakuru
Mama Riziki, niulize kitu, usikasirike. Hiyo ya mimba wanayoirudisha Missouri 2026, wewe unaionaje?

Mama Riziki
Mimi ni Mkristo, 2024 niliweka Hapana. Wakiirudisha nitafurahi kupiga tena. Sijifichi.

Nyuki wa Nakuru
Ehee. Kwa hiyo wakifuta likizo yako ni wizi wa kura, wakitaka kufuta ya wenzako ni furaha. Wananchi walishaamua hiyo pia.

Mama Riziki
Usinipeleke huko. Likizo waliifuta wao wenyewe, kule bungeni, hakuna aliyetuuliza. Hii ya mimba wanairudisha kwetu tuamue. Ukiona hivyo viwili ni kitu kimoja, basi rudi usome.

Nyuki wa Nakuru
Na wakishindwa 2026 warudishe 2028? Na 2030? Mpaka watu wachoke?

Bosi wa Semi
Dada Riziki, kumbe tuko upande mmoja.

Mama Riziki
Upande mmoja na wewe? Kwanza waombe radhi wale wazee.

Bosi wa Semi
Wazee niliwakosea nini? Nilisema pampasi. Wanavaa au hawavai?

Mpita Njia
Mods, fungeni uzi kabla Bosi hajajichimbia zaidi. Au acheni, mimi niko kazini na sina kazi.

Kalemie Kwanza
Ujiji, shemeji yangu yuko huko St. Louis, anapiga kura mara ya kwanza. Hiyo ya kufuta ni namba ngapi?

Ujiji Kwetu
Namba 3.

Kalemie Kwanza
Hapana, nauliza mpya, si ya 2024.

Ujiji Kwetu
Ndiyo hiyo mpya, nayo ni 3. Ya 2024 ilikuwa 3, na ya kuifuta ni 3. Na safari hii wameichanganya na marufuku ya matibabu ya kubadili jinsia kwa watoto, jibu moja kwa yote mawili. Mwambie asimsikilize mtu anayesema "weka Ndiyo kwenye 3 kama mara ile", maana mara ile Ndiyo ilikuwa kinyume chake.

Mama Riziki
Mlete kanisani Jumapili, karatasi ya mfano ikitoka tutakaa naye.

Nyuki wa Nakuru
Asiende! Mtamwekea Ndiyo ninyi wenyewe.

Mama Riziki
Nyuki, wewe nawe una mimba gani na kanisa letu?