Glaida ya roketi iliyokuzwa mara mbili: balsa na D12, foamu na E12, au rimoti na E6?

NyotaMkia (Columbus, Ohio)

Wakuu, salaam. Nina glaida ndogo ya roketi (inapandishwa na mota ya roketi, kisha inarudi kwa kuelea) ya balsa, ule mti mwepesi, sm 30 toka ncha ya bawa hadi ncha. Podi ya mota iko mbele, inachomoka na kushuka na utepe wake baada ya kupanda. Bila podi ina gramu 25. Naipandisha kwa mota ya B4-2 (herufi ni ukubwa wa mota, namba ya kwanza ni msukumo wa wastani kwa niutoni, ya mwisho ni sekunde za kusubiri kabla ya mlipuko mdogo wa kuchomoa podi) na inaelea vizuri mno. Sasa nataka kuikuza iwe sm 60. Nimebakiwa na njia tatu:

1. Balsa tupu, ubao wa mm 6 badala ya mm 3, mota D12-3.
2. Mabawa ya Depron (foamu ngumu ya shiti) ya mm 6 yenye ufito wa kaboni ndani, mota E12-4, podi ya kuchomoka vilevile.
3. Ya rimoti, mota haichomoki, E6 ya kampuni ya AeroTech inayowaka polepole.

Uwanja wetu una kama mita 200 kila upande, umezungukwa na mahindi. Rimoti naijua kiasi, nimerusha ndege za foamu za umeme. Ipi mngechagua?

FundiGundi (Minneapolis)

Mkuu, ya kwanza ifute kabisa. Ukiongeza urefu, upana na unene wote mara mbili, eneo la bawa linakuwa mara nne lakini uzito unakuwa mara nane. Gramu 25 zako zinageuka 200. Kila desimita ya mraba ya bawa itabeba mzigo maradufu wa ule wa sasa, kwa hiyo spidi ya kuelea itapanda kwa kama asilimia 40. Haitaelea kama ile ndogo, itakuwa inashuka kwa heshima tu.

Na usijaribu kukwepa kwa kuacha ubao ubaki mm 3. Uzito utashuka, sawa, ila bawa refu la ubao mwembamba likipigwa na D12 litaanza kutetemeka na kukatika kwenye shina kabla mota haijaisha. D12 ni katili mwanzoni: msukumo wake wa juu unafika karibu niutoni 30, ndipo unashuka.

Mimi ningechukua ya pili.

BiDepron (Hamburg)

Ya pili nusu. Foamu ndiyo, E12 hapana.

Tupige hesabu kidogo. Glaida ya sm 60 yenye umbo lako itakuwa na bawa la kama desimita 9 za mraba. Kwa balsa ya kawaida ya mm 6 bawa peke yake ni gramu 70. Kwa Depron ya mm 6 ni gramu 20, labda 22. Mkia ufanye wa Depron ya mm 3, kiwiliwili kiwe bomba jembamba la kaboni, udongo kidogo puani wa kusawazisha, jumla utatoka na gramu 55 au 60 bila podi. Yaani kwa kila desimita itabeba mzigo mdogo kuliko hiyo uliyo nayo sasa.

Kitu cha uzito huo unakifungia E12 ya nini? Weka podi nyepesi yenye C6-3. Mota hiyo ina gramu 24 hivi, na Estes wanaoitengeneza wanaipa kikomo cha gramu 113 za kuondoka nazo. Wewe utakuwa karibu na 100. Itapanda taratibu, foamu haitapata kashkash, na bei ya mota ni nafuu.

Watu wakikuza kitu macho yao yanakimbilia herufi kubwa ya mota. Kila herufi inaweza kubeba nguvu maradufu ya iliyotangulia: C inaishia niutoni-sekunde 10, D 20, E 40. Foamu haitaki hizo zote.

FundiGundi (Minneapolis)

Dada nakubali hesabu, ila gramu 100 juu ya C6 kwenye upepo wa Ohio ni kuomba shida. Ikiondoka polepole na mabawa makubwa hivyo, upepo unaigeuza pua na inakwenda kulala kwenye mahindi ya jirani. Ningebaki na D12-3, lakini bawa nilikaze: fito mbili za kaboni, moja theluthi ya mbele na moja karibu na ukingo wa nyuma, halafu utepe wa nyuzi za kioo juu na chini pale bawa linapokutana na kiwiliwili.

Halafu podi. Jamaa wa huku Marekani wana jina la mkosi mmoja, wanauita Red Baron: utepe wa podi unanasa kwenye mkia wa glaida na vyote vinashuka pamoja vikizunguka. Glaida ikiwa kubwa, mkia nao ni mkubwa, pa kunasa pameongezeka. Ndoano ya podi iwe fupi na laini, ichomoke yenyewe ukiinamisha glaida pua chini. Ikikwaruza mkononi, juu itanasa.

RubaniMstaafu (Houston)

Vijana mnaisahau namba tatu, na ndiyo tamu kuliko zote. E6 inawaka kama sekunde 7, msukumo wa wastani niutoni 6. Unaiona inapanda huku unaiendesha, si kufumba macho na kuomba Mungu.

Ila ukweli usemwe: kwa sm 60 haifai. Servo mbili (vimota vya kugeuza usukani), kipokezi na betri vinakula gramu 35 hadi 40 hata ukibana. Kuna sababu mashindano ya FAI, shirikisho la dunia la michezo ya anga, katika daraja la S8E la glaida za roketi za rimoti yanataka mabawa yasiyopungua mm 1100 na uzito usiozidi gramu 300. Ukitaka rimoti, kuza karibu mara nne, si mara mbili.

Jambo jingine kwenye rimoti ni mota yenyewe. Haina mlipuko wa kuchomoa podi, gamba linabaki ndani, kwa hiyo kitovu cha uzito unakipima mara mbili: mota ikiwa imejaa na ikiwa tupu. Kama mota iko mkiani, ikijaa ndege inakuwa nzito nyuma na itapiga kichwangomba ikitoka tu kwenye reli. Isogeze mbele iwezekanavyo. Na kwenye rimoti panga mikao miwili ya usukani wa mkia, mmoja wa kupanda na mmoja wa kuelea, ubadilishe kwa swichi.

Pia, NyotaMkia, umeuliza mota lakini uwanja ndio umeshajibu. Jedwali la NAR, chama cha roketi za mfano cha Marekani, linataka uwanja usiopungua mita 122 kwa C, 152 kwa D, na kuanzia E ni mita 305. Wewe una 200. Njia mbili kati ya tatu zako zimekwisha hapo.

KomboTanga

Nasoma tu kwa sababu mota hizo huku sijawahi kuziona dukani. Lakini glaida za foamu tunatengeneza, tunatumia bodi za watu wa mabango. Ushauri wangu mmoja: usiipeleke kwenye mota kabla hujaivuta kwa mpira. Kata tyubu ya baiskeli iwe utepe mrefu, funga kigingi chini, ndoano chini ya pua, vuta hatua kumi na tano, achia. Ukiona inainua pua na kupiga duara kwa spidi, bawa na mkia vimepishana pembe kupita kiasi. Kwa mkono haitaonyesha hilo, kwa mkono inakwenda polepole. Ukiirekebisha kwenye mpira ndipo uiongezee uzito kidogo kwenye ncha ya bawa moja ili izunguke badala ya kunyoosha hadi kijiji cha pili.

Na supaglu ya kawaida inayeyusha foamu. Tafuta ile ya foamu au tumia epoksi.

NyotaMkia (Columbus, Ohio)

Shukrani sana, hasa mzee wa Houston kwa jedwali. E imetoka. Nakata Depron, podi mbili: moja ya C6-3 kwa siku tulivu, nyingine ya D12-3. Kaka Kombo, tyubu ninayo. Swali la mwisho: moto wa mota unapita juu ya bawa la foamu, litapona? Na fito yangu ya kurushia ni ile ya mm 3.

BiDepron (Hamburg)

Bandika utepe wa alumini kuanzia nyuma ya podi hadi katikati ya mkia, tabaka moja linatosha. Inyanyue podi kwenye mguu wa sm 3 ili moto usilambe kiwiliwili.

Fito ya mm 3 iache kwa ile ndogo. Hii itayumba nayo. Tumia ya mm 5 yenye urefu wa sentimita 120, na mabawa uyaegemeze kwenye vijiti viwili pembeni hadi iondoke. Siku ya D12 rudi mita 5 nyuma, si hatua mbili tatu.