Ulinganisho: dawa ya usingizi, kubadili ratiba ya siku, au mtu wa kulala chumbani na mzee?

Mkazi wa Buswelu

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za kazi. Baba yangu ana umri wa miaka 79 na amehamia kwetu hapa Buswelu, Mwanza, kutoka Ukerewe. Hulala mara tu baada ya chakula cha saa mbili usiku, lakini ikifika saa tisa huamka, hutoka kwenda choo cha uani, hurudi, huwasha redio, na kabla ya saa kumi nyumba nzima inakuwa macho. Anatumia dawa za presha, na mojawapo ni ile ya kupunguza maji mwilini.

Katika ukoo tumegawanyika. Kaka yangu anataka anunuliwe dawa ya usingizi, dada anayeishi Igoma anasema ratiba yake ya siku ibadilishwe, na mke wangu anapendekeza tumtafute kijana wa kulala naye chumbani. Ninawaomba wale waliowahi kulea wazee walinganishe njia hizi kwa faida na hasara zake, kwa sababu kila upande nyumbani una hakika na jambo lake.

Mstaafu wa Kirumba

Shangazi yetu alianza na Piriton, baadaye tukampatia diazepamu, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, na tangu hapo analala hadi asubuhi. Gharama ni ndogo na nyumba imetulia. Sioni sababu ya kuzunguka.

Nesi wa Zamani

Ninamheshimu Mstaafu, lakini ninapinga dawa hizo mbili kuwekwa mwanzoni mwa orodha, hasa kwa mzee wa kiume anayeamka kwenda haja ndogo. Piriton ni dawa ya mzio ambayo huleta usingizi kama athari ya pembeni tu. Pamoja na usingizi huo hukausha mdomo, hufunga choo, huvuruga kumbukumbu, na kwa mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba inaweza kuzuia mkojo kabisa, kiasi kwamba safari ya kwenda chooni mnayoikimbia ikageuka kuwa safari ya hospitali kuwekewa mpira wa kutoa mkojo. Diazepamu nayo hukaa siku nyingi katika mwili wa mzee, kwa hiyo kidonge cha leo hukuta cha jana bado kipo. Mzee hulala, naam, lakini akiamka ili ajisaidie huwa anayumba, na nyonga ikivunjika katika umri huo wengi hawarudi kutembea kama awali. Dawa zote mbili zimo katika orodha iliyoanzishwa na daktari Mark Beers wa Marekani mwaka 1991, ambayo huwaonya matabibu kuhusu dawa za kuepukwa kwa wazee. Isitoshe, chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha huko huko Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanzishwe kwanza tiba ya kubadili mwenendo na mawazo yake kuhusu kulala, na vidonge vifikiriwe baadaye.

Ndugu wa Buswelu, ninalo swali kabla hatujaendelea. Je, baba huamshwa na mkojo, au huamka kwanza ndipo akakumbuka kwenda chooni? Na ile dawa ya kupunguza maji anaimeza saa ngapi?

Mjukuu wa Nansio

Wakati jibu linasubiriwa, naomba tupige hesabu. Mzee aliyelala saa mbili na nusu usiku akaamka saa tisa na nusu amekwisha kulala saa saba, na kwa umri wake hicho ni kiasi cha kutosha. Hajakosa usingizi, ameuanza mapema mno, kwa kuwa mwili wa mzee husogeza saa zake nyuma. Mzee aliyekuwa akiamkia nyavu alfajiri maisha yake yote ndiyo kabisa.

Ndiyo maana ninaunga mkono ubadilishaji wa ratiba, ila si kwa jinsi unavyofanywa nyumbani kwa watu wengi, ambako mzee huamriwa tu asisinzie mchana huku akiachwa kwenye kochi bila kazi. Babu yetu tuliondoa usingizi wa alasiri tukamwachia nusu saa baada ya chakula cha mchana, kisha kuanzia saa kumi na moja jioni tukawa tunamtoa nje akae upande unaopigwa na jua la magharibi, achambue dagaa au aongee na majirani hadi jua lilipozama, ambalo hapa kwetu huzama karibu saa moja. Mwanga wa jioni huuchelewesha mwili kuhisi usiku, ilhali mwanga wa alfajiri humfanya mtu wa namna hii awahi zaidi kulala. (Avae soksi na suruali ndefu, maana mbu wa ziwani hawana adabu na wazee.) Chai ya rangi iliishia saa nane mchana. Muda wa kulala ulisogezwa taratibu, robo saa kila baada ya siku chache, mpaka ukafika saa nne. Hasara ya njia hii ni kwamba inahitaji mtu awepo nyumbani jioni na matokeo yake hayaonekani wiki ya kwanza.

Mkazi wa Buswelu

Nashukuruni. Nimemuuliza, naye anasema mkojo ndio unaomwamsha, tena mara ya pili au ya tatu. Dawa ya maji huimeza jioni pamoja na nyingine, kwa sababu ndipo mke wangu anapokuwa amerudi kutoka dukani. Jioni vifundo vya miguu yake huwa vimevimba. Chakula cha usiku mara nyingi ni ugali na mchuzi wa sato, na uji kabla ya kulala.

Nesi wa Zamani

Basi hapo ndipo pa kuanzia. Dawa ya kupunguza maji ya aina ya furosemidi hufanya kazi kwa saa sita hadi nane, kwa hiyo ikimezwa saa moja usiku humtuma mtu chooni sehemu kubwa ya usiku. Wengi huelekezwa kuimeza asubuhi, lakini msibadilishe wenyewe. Nendeni na vidonge vyote kliniki, dirisha la wazee lipo, mkaulize. Ulizeni pia kuhusu uvimbe, kwa kuwa amlodipini, mojawapo ya dawa za presha, huweza kuuleta, na maji yaliyokaa miguuni mchana kutwa hurudi kwenye damu mzee anapojilaza, kisha figo huyatoa. Kuinua miguu juu ya stuli saa moja hivi wakati wa alasiri husaidia yatoke mapema. Uji uhamie asubuhi. Apimwe sukari na tezi dume.

Akikosa pumzi anapolala chali, au akianza ghafla kuongea vitu visivyoeleweka usiku, msisubiri siku ya kliniki: mpelekeni siku hiyo hiyo hospitali ya Sekou Toure au Bugando, kwa sababu hilo laweza kuwa moyo, malaria au maambukizi ya mkojo.

Mama wa Nyegezi

Kuhusu kijana wa kulala chumbani, sisi tulimpata, na usiku wa pili alikuwa akikoroma kuliko mzee. Mtu wa usiku anafaa kwa mzee aliyechanganyikiwa akili anayeweza kufungua geti. Kwa mwenye akili timamu, fedha hiyo ingefaa zaidi kumwekea ndoo yenye mfuniko au kiti cha choo kando ya kitanda, na balbu ndogo ya kuchaji inayodumu hata umeme ukikatika.

Tena angalieni chandarua. Kwetu kilichomekwa chini ya godoro pande zote, na mzee akawa anapambana nacho gizani huku mkojo umembana, mguu mmoja umenasa kwenye wavu. Sasa upande wa kushukia hauchomekwi. Tulinunua kipana zaidi kinachofika sakafuni, na kandambili zikabadilishwa kwa viatu vinavyofunika kisigino.

Mstaafu wa Kirumba

Nimewaelewa. Sasa shangazi ambaye amekwisha kuzoea diazepamu, tumkatishe leo?

Nesi wa Zamani

Hapana, mzee wangu. Akiikatisha ghafla anaweza kupata mitetemeko, hofu na hata degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki au miezi chini ya uangalizi wa daktari. Nendeni na pakiti yenyewe, na mumweleze daktari ameitumia tangu lini.