Naomba ushauri: daftari la safari mlimani

Wakuu, habari za leo. Mwezi wa pili napanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho, siku 8, na kila jioni nataka kuandika kwa mkono, si kwenye simu. Mwaka juzi nilipita Machame. Siku ya kwanza tu, kule msituni, mvua ilipenya begi, kurasa zikagandana kama chapati za jana. Kufika kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, kalamu ikagoma. Nikaipumulia, nikaikwaruza, wapi! Ukurasa wa kileleni una mikwaruzo mitupu.

Sasa nafikiria penseli na mfuko usiopitisha maji. Ila penseli si itafutika kurasa zikisuguana wiki nzima? Na vidole vikifa ganzi mnaandikaje, au mnasubiri mshuke? Mimi nikisubiri nasahau hata jina la kambi.