Tupeane uzoefu: Uliyefika St. Petersburg, ulikutana na nini?

Mtoto wa Gerezani: Wakuu, mdogo wangu anasoma St. Petersburg na mwezi Juni namfuata kumtembelea. Picha za majumba na mifereji nimeshaziona hadi basi. Nataka maneno ya waliokanyaga.

Baharia Mstaafu: Sisi tulitia nanga pale mji ukiitwa bado Leningrad. Ushauri wangu kijana, siku ya kwanza panda boti. Majumba ya maana yametazama maji, maana mfalme Peter wa Urusi alipouanzisha 1703 alitaka watu wavuke kwa tanga na mto Neva hakutaka kuuwekea madaraja. Palikuwa kinamasi, mawe hayapo. Mwaka 1714 akapiga marufuku kujenga kwa mawe kwingine kote Urusi, na kila chombo kilichoingia kikadaiwa mawe kama ushuru. Vibarua wa kulazimishwa walikufa wengi mno kwenye matope yale, kwa hiyo ukiwa unashangaa lile jumba la kijani na nyeupe la msanifu Rastrelli, wakumbuke na wao. Siku hizi ndimo ilimo makumbusho ya Hermitage. Chini kwenye maghala wanafugwa paka wa kukamata panya, tena wanahudumiwa vizuri kuliko baharia.

Binti Mkunazini: Juni! Mie nilikuwa mwanafunzi huko miaka ile Ramadhani iliyoangukia Juni. Jua linazama kama saa nne na nusu usiku, na kabla ya saa kumi alfajiri lishachomoza tena. Giza lenyewe haliingii, mbingu inabaki na weupe wa maziwa usiku kucha. Sasa hapo Isha utaisali saa ngapi, na daku ule saa ngapi? Tulifuata ratiba ya msikiti mkuu, ule uliofunguliwa 1913, kuba lake la buluu limeigwa kaburi la mtawala Timur kule Samarkand, Uzbekistan. Mwanzoni nililia. Baadaye nikazoea, tukawa twafuturu tende ukingoni mwa mto kweupe pe, Warusi wanatuangalia, wengine wanakuja kuomba moja.

Jirani wa Kakamega: Wacha nipinge. Juni watu ni wengi kupindukia. Mimi nilipenda Februari: Neva imeganda, foleni hakuna, na lile kuba la dhahabu la kanisa la Mtakatifu Isaka linang'aa juu ya theluji. Baridi ni ya kutoa machozi, lakini ukishuka kituo cha metro cha Admiralteyskaya, mita 86 chini ya ardhi, unapata joto bure. Januari 27 nayo wanakumbuka mwisho wa mzingiro wa Wajerumani, siku 872 hadi 1944. Nenda makaburi ya Piskaryovskoye. Wamelala karibu nusu milioni, wengi waliuawa na njaa. Hapo utaacha kupiga selfi.

Fundi Kalamu: Mkuu usiache nyumba ya mshairi Pushkin, mtaa wa Moika namba 12, alipofia 1837. Baba wa babu yake mzaa mama ni Abram Gannibal, Mwafrika aliyeletwa akiwa mtoto, akalelewa kwa Peter na kuja kuwa jenerali. Warusi wenyewe watakusimulia wakikuona.

Halafu msisengenye watu kwenye basi kwa Kiswahili. Chuo kikuu cha pale kinakifundisha. Mtaalamu Olderogge wa hukohuko ndiye aliyesimamia kamusi ya Kiswahili-Kirusi ya 1961. Rafiki yangu alimsema mama mmoja kofia yake, akajibiwa, "Hujambo, mwanangu?"

Binti Mkunazini: 😂😂 Na madaraja jamani! Aprili mpaka Novemba yananyanyuliwa usiku meli zipite. La Dvortsovy hunyanyuka saa saba ikishapita kidogo. Pazuri mno kutazama, ila kama bweni la mdogo wako liko Kisiwa cha Vasilyevsky, tazameni mkiwa upande wa huko huko.

Mtoto wa Gerezani: Yuko hukohuko Vasilyevsky, shukrani dada. Na kadi yangu ya Visa?

Jirani wa Kakamega: Iache nyumbani. Visa na Mastercard za nje hazifanyi kazi Urusi tangu Machi 2022. Beba dola taslimu, noti mpya.

Baharia Mstaafu: Na ungewahi Mei ungekula koryushka. Kasamaki kadogo, kabla ya kupikwa kananukia tango. Ka kukaanga tu, usikatilie ndimu.