Nimechelewa kukata rufaa kwa siku 11, bado kuna mlango?

Mleta uzi: Wakuu, naomba msaada, usingizi umenipaa. Nilishindwa kesi ya kiwanja. Muda wa rufaa kwetu ni siku 30. Nakala ya hukumu niliiomba siku ya pili tu, nikaipata siku ya 24. Nikampelekea wakili, akasema "niachie mimi". Juzi nimekwenda masijala mwenyewe: hakuna kilichofunguliwa. Leo ni siku ya 41. Nipeleke tu rufaa hivyohivyo?

Kobe Mzee: Siku 41 mzee! Ulikuwa unasubiri harusi?

Mezani Kwangu: Usipeleke rufaa sasa, itatupwa kwa kuwa nje ya muda na gharama utalipishwa. Kinachotangulia ni maombi ya kuongezewa muda, yakiambatana na kiapo chako, yaani maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni ya kweli. Kwanza angalia sheria yenu inasemaje kuhusu siku za kusubiri nakala. Kuna nchi zinaziondoa kwenye hesabu, na pengine hata hujachelewa. Hilo likikwama, ndiyo ueleze kila siku iliyopita baada ya ile ya 30. Kila siku, mkuu. Majaji wengi hawana shida na siku 11, shida yao ni siku tatu katikati ambazo hazina maelezo.

Nyundo: Mtupie wakili lawama, yamekwisha.

Mezani Kwangu: Hayajaisha. Uzembe wa wakili peke yake mara nyingi haukubaliki, kwa hoja kwamba mteja naye alipaswa kufuatilia kesi yake. Kinachosaidia ni ushahidi kwamba ulifuatilia: ujumbe wa simu, risiti ya malipo, barua ya kuomba nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Mleta uzi: Ujumbe ninao, wa siku ya 27 na ya 33. Baada ya hapo, kusema kweli, nilinyamaza. Nilikata tamaa. Jamaa yangu anasema daktari mmoja anaweza kuniandikia cheti cha wiki hiyo.

Bi Kiapo: Mdogo wangu, thubutu! Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na upande wa pili wakikikamata, hata ukweli wako wa nakala hautasikilizwa. Andika ulivyotuandikia hapa.

Msomaji wa Kesi: Na msiamini mdomo wa mtu kuhusu tarehe, hata wa jaji. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Bowles dhidi ya Russell. Sheria iliruhusu nyongeza ya siku 14, jaji kwa makosa akampa 17. Bowles akaleta rufaa ndani ya siku alizopewa na jaji, lakini nje ya zile 14. Ikatupwa, kura 5 kwa 4.

Kobe Mzee: Nafuta utani wangu. Hiyo inauma.

Mezani Kwangu: Jambo jingine, mleta uzi. Kuomba muda hakuzuii hukumu kukazwa. Aliyeshinda anaweza kuanza utekelezaji hata kesho, kwa hiyo omba na zuio. Na kama hukumu ina kosa la wazi la kisheria, mfano mahakama haikuwa na mamlaka, liweke kwenye kiapo. Lina uzito wake.

Mleta uzi: Asanteni. Nimepata wakili mwingine, kesho asubuhi tunakwenda kuchukua faili kwa yule wa kwanza. Simu yake bado haipokelewi.

Bi Kiapo: Nenda na shahidi. Na akikataa kulitoa, iandike saa na tarehe.